Picha za Shchukin na Morozov: zilinyang'anywaje, ziko wapi, na kwa nini warithi hawajarudishiwa

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Mwalimu, niliona picha ya Matisse ya watu watano wekundu wanaocheza duara huku wameshikana mikono. Maelezo yake yanasema iliagizwa na mfanyabiashara wa Moscow aitwaye Shchukin. Familia yake ilinyang'anywa picha hizo lini, na ililipwa chochote? Na kama Austria iliwarudishia warithi wa Bloch-Bauer picha za Klimt mwaka 2006, kwa nini Urusi haijafanya hivyo?"

Nianze na jibu fupi, ndugu yangu, kisha tulizungumze kwa nafasi. Familia ya Shchukin ilinyang'anywa picha zake kwa amri ya serikali ya Wabolsheviki mwishoni mwa Oktoba 1918. Haikulipwa hata senti moja, si wakati ule wala baadaye. Warithi wake, na wale wa familia ya Morozov iliyopatwa na mkasa uleule, wamekwenda mahakamani Ufaransa na Marekani kwa zaidi ya nusu karne na hawajapata hata picha moja. Sababu ni ya kisheria, na nitaieleza.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekupa nusu ya jibu. Picha zenyewe zipo na nyingi zimetunzwa vizuri. Kilichopotea, na ambacho hakuna hukumu inayoweza kukirudisha, ni namna zilivyokaa pamoja katika nyumba mbili za Moscow, kila moja ikiwa imechaguliwa na mtu mmoja na kutundikwa mahali pake kwa sababu yake. Kwa miaka mingi yalipotea pia majina ya watu waliozinunua wakati ambapo ulimwengu mzima ulikuwa unazicheka.

Sergei Ivanovich Shchukin alizaliwa mwaka 1854 katika familia ya wafanyabiashara wa nguo wa Moscow. Mama yake alitoka katika ukoo wa Botkin, matajiri wa chai waliopenda vitabu na sanaa. Nyumbani kwao kukusanya kulikuwa kama ugonjwa wa kurithi. Kaka yake Pyotr alikusanya vitu vya kale vya Urusi, akajenga jumba lake, na mwaka 1905 akalitoa lote kwa Makumbusho ya Historia. Dmitri alipenda wachoraji wa zamani wa Uholanzi na Ufaransa, na aliwahi kumiliki picha ya Vermeer ambayo leo iko New York. Ivan, mdogo wao aliyeishi Paris, alinunua picha za Kihispania kwa wingi. Madeni yalipomzidi akataka kuziuza, nyingi zikaonekana kuwa bandia. Alijiua mwaka 1908.

Sergei mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye kigugumizi tangu utotoni, asiyekula nyama. Katika biashara alikuwa mkali na mjanja. Alianza kununua picha za Monet mwishoni mwa miaka ya 1890, akiwa na zaidi ya miaka 40. Baada ya Monet akaingia kwa Cézanne na Gauguin, kisha kwa Matisse, kisha kwa Picasso. Alikuwa na tabia ya kuiweka picha mpya peke yake kwanza na kuitazama mpaka aizoee. Kama ilimshtua, ndiyo aliyoitaka. Picha za Gauguin alizitundika katika chumba cha kulia chakula zikiwa zimebanana, fremu ikigusa fremu, 16 kwa jumla, na watu walioziona walisema zilimkumbusha mtu ukuta wa sanamu takatifu katika kanisa la Kiorthodoksi. Kwa mtu aliyelelewa Moscow nadhani ulinganisho huo ulikuja wenyewe.

Siwezi kuzungumzia ununuzi wake bila kutaja misiba, kwa sababu ilikwenda nayo sambamba. Mwanawe mdogo Sergei alikufa mwaka 1905. Mkewe Lydia alifariki Januari 1907. Ndugu yake Ivan akajiua mwaka uliofuata, na mwaka 1910 mwanawe mwingine, Grigory, naye akajiua. Mwishoni mwa 1907 Shchukin alisafiri kwa ngamia katika jangwa la Sinai mpaka monasteri ya Mtakatifu Katarina. Aliporudi aliifungua nyumba yake kwa watu wote siku za Jumapili. Kabla ya hapo, mwezi uleule aliofiwa na mkewe, alikuwa ameandika wosia kwamba picha zake ziende kwa jiji la Moscow, kwenye jumba la sanaa la Tretyakov. Wosia huo uukumbuke, maana tutaurudia.

Sasa ile picha uliyoiona. Mwaka 1909 Shchukin alimwagiza Henri Matisse picha mbili kubwa za kuwekwa kwenye ngazi za nyumba yake: *Ngoma* na *Muziki*. Kila moja ina kimo cha mita 2.6 na upana wa karibu mita 3.9. Rangi kuu ni tatu tu: buluu ya mbingu, kijani cha ardhi, na wekundu wa miili. Katika *Ngoma*, mchezaji aliye mbele kushoto amenyoosha mkono nyuma kumshika mwenzake na vidole havifikiani vizuri. Pale penye pengo ndipo duara zima linapovutwa. Nawaambia wanafunzi wangu waanze kutazama hapo, kwenye vile vidole, kabla ya kusema lolote kuhusu rangi.

Picha hizo zilipoonyeshwa Paris katika maonyesho ya vuli ya 1910, watu walizifanyia kejeli. Shchukin alikuwepo, akaona, akasikia, na moyo ukamlegea. Alikuwa anakwenda kutundika watu uchi, waliochorwa hivyo, kwenye ngazi za nyumba yenye binti na wageni wa heshima. Akazikataa. Akapanda treni kurudi Moscow, safari ya siku mbili, na njiani mawazo yakamkaba. Alipofika alimwandikia Matisse kwamba anaona aibu kwa udhaifu wake na kwamba picha zipelekwe. Zilipofika alimsitiri mpiga filimbi katika *Muziki* kwa rangi nyekundu kidogo ili mambo yasizidi. Mtu huyu hakuwa mwendawazimu wala jasiri wa kuzaliwa. Aliogopa kama ambavyo wewe na mimi tungeogopa, halafu akafanya hivyo hivyo.

Matisse alikwenda Moscow mwaka 1911, akashughulikia mwenyewe utundikaji wa picha zake katika sebule ya waridi. Kufikia vita ya 1914 Shchukin alikuwa na karibu picha 40 za Matisse na 50 za Picasso, zile za Picasso zikiwa katika chumba kidogo, pamoja na sanamu kadhaa za Kiafrika alizokuwa amenunua. Hakukuwa na jumba lolote la makumbusho duniani, hata Paris kwenyewe, lenye kitu kinachokaribia hicho. Wachoraji vijana wa Moscow akina Malevich na Tatlin waliingia humo Jumapili na kutoka wakiwa watu wengine. Mwenye nyumba mara nyingi ndiye aliyewatembeza, akieleza kwa kigugumizi chake.

Ivan Morozov alikuwa tofauti kabisa. Alizaliwa 1871, tajiri wa viwanda vya pamba vya Tver, mtu mnene, mtulivu, asiyependa kukurupuka. Kaka yake Mikhail alikuwa mkusanyaji kabla yake lakini alikufa mapema, mwaka 1903, na mjane wake Margarita akazitoa picha kwa Tretyakov mwaka 1910. Wakati Shchukin alinunua kwa mshtuko, Morozov alinunua kwa subira, akiwauliza wachoraji wenyewe ushauri na akisubiri ile picha bora. Katika chumba cha Cézanne aliacha nafasi tupu ukutani kwa muda mrefu. Mgeni alipomuuliza, alijibu kwamba pale anapaona pakiwa na Cézanne wa buluu, ila hajampata. Hatimaye alimpata: mandhari ya buluu yenye miti mizito, ambayo leo iko St Petersburg. Alikuwa na picha 18 za Cézanne, na mchoraji huyo ndiye aliyempenda kuliko wote.

Mapinduzi yalipokuja, Shchukin aliondoka Moscow kimyakimya mwaka 1918, kabla ya amri kutolewa, akiacha picha ukutani. Binti yake Ekaterina alibaki na kwa muda akawa miongoni mwa waliozitunza. Amri yenyewe, yenye sahihi ya Lenin, ilitamka kwamba mkusanyo huo ni mali ya Jamhuri kwa kuwa una thamani kubwa katika elimu ya umma. Ya Morozov ilifuata Desemba mwaka huohuo. Yeye alikuwa bado yumo ndani. Akapewa cheo cha naibu mtunzaji wa picha zake mwenyewe, akaachiwa vyumba vichache vya kuishi katika jumba lake, na akawa anawapitisha wageni na kuwaeleza kuhusu picha ambazo juzi zilikuwa zake. Alivumilia miezi kadhaa. Mwaka 1919 aliondoka na mkewe na binti yao, na mwaka 1921 akafariki Karlsbad akiwa na miaka 49. Shchukin aliishi Paris mpaka 1936. Hakurudia tena ukusanyaji wa namna ile.

Hapa watu hudhani hadithi imekwisha: serikali ilichukua, picha zikaingia makumbusho, basi. Ukweli ni kwamba hatari kubwa zilikuwa mbele.

Mwanzoni nyumba zote mbili zilibaki kama zilivyo, zikiitwa Jumba la Kwanza na la Pili la sanaa mpya ya Magharibi. Mwaka 1923 ziliunganishwa kiutawala, na mwaka 1928 nyumba ya Shchukin ikafungwa. Picha zake zikasongamanishwa katika nyumba ya Morozov, mtaa wa Prechistenka. Huo ndio ulikuwa mvunjiko wa kwanza, na kwangu ni mkubwa kuliko unavyoandikwa vitabuni. Ile sebule ya waridi na ule ukuta wa Gauguin havikuwahi kurudi. Kuanzia 1930 sehemu ya picha ilipelekwa Hermitage, makumbusho ya jiji la St Petersburg, ambalo wakati huo liliitwa Leningrad.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na njaa ya fedha za kigeni za kununulia mitambo. Mwaka 1930 na 1931 Hermitage iliuza picha 21 za wachoraji wakuu wa zamani kwa tajiri wa Marekani Andrew Mellon, na leo ziko Washington. Mwaka 1933 ikafika zamu ya Morozov. *Mkahawa wa Usiku* ya Van Gogh na picha ya Cézanne ya mkewe akiwa katika banda la mimea ziliuzwa kwa siri kwa Stephen Clark, mkusanyaji wa Marekani. Clark alipofariki, ya kwanza ilikwenda Chuo Kikuu cha Yale na ya pili ikaenda Metropolitan Museum, New York.

Niruhusu nikae kidogo kwenye *Mkahawa wa Usiku*, maana ndipo hasara inapoonekana kwa macho. Mwaka 1888, mjini Arles, Van Gogh na Gauguin walichora mkahawa mmoja. Van Gogh aliuchora usiku: kuta nyekundu, dari ya kijani, taa zenye duara za mwanga, meza ya biliadi katikati ikitupa kivuli, mwenye mkahawa amesimama na nguo nyeupe, na saa ya ukutani imepita usiku wa manane. Gauguin alipofika Arles aliuchora kwa namna yake. Akamweka mbele mke wa mwenye mkahawa, ameegemea mkono, chupa ya soda mezani, tabasamu la mtu anayejua jambo. Nyuma yake ipo meza ileile ya biliadi na utepe wa moshi. Ni chumba kimoja kilichotazamwa na watu wawili walioishi nyumba moja na karibu wauane. Morozov alizinunua zote mbili, zikawa katika nyumba moja Moscow kwa miaka ishirini na kitu. Leo ya Gauguin iko Moscow na ya Van Gogh iko New Haven, na bahari nzima katikati. Sijui uamuzi wa karani gani ulifanya hivyo, lakini kila nikifundisha somo hilo huwa natamani ziwekwe ukuta mmoja hata kwa wiki.

Vita ilipoingia mwaka 1941 picha zilipelekwa Sverdlovsk, milima ya Ural, zikarudi Moscow 1944. Hazikutundikwa tena. Tarehe 6 Machi 1948 Stalin alitia sahihi amri ya kulifunga jumba hilo kabisa kwa madai kwamba lilikuwa kituo cha sanaa ya mabepari iliyooza, yenye kupotosha watu. Ikaamriwa mali igawanywe. Makumbusho ya Pushkin ya Moscow ilichukua zaidi zile zisizoleta matata, yaani Monet, Renoir na sehemu ya Cézanne na Gauguin. Kwa upande wa Hermitage walikuwepo mkurugenzi wake, Iosif Orbeli, na mtaalamu Antonina Izergina. Wao walizipokea zile ambazo wengine waliogopa hata kuzigusa: *Ngoma*, *Muziki*, *Chumba Chekundu*, na Picasso wengi wa miaka ya ukali. Ndiyo maana leo ukimtaka Matisse mkubwa unakwenda St Petersburg. Si kwa mpango wa kitaalamu. Ni kwa sababu mwaka 1948 watu wawili walikuwa na moyo wa kupokea vitu ambavyo vingeweza kuwaponza.

Zilikaa ghalani mpaka Stalin alipokufa mwaka 1953. Zilianza kutoka polepole, na mwaka 1956 maonyesho ya Picasso Moscow na Leningrad yalijaza watu foleni ndefu. Lakini chini ya picha hapakuwa na jina la Shchukin wala la Morozov. Liliandikwa jina la jumba lililofungwa, au hapakuandikwa kitu. Kizazi kizima cha Warusi kiliziona bila kujua zilifikaje nchini mwao.

Tuje sasa kwenye sheria. Kesi ya kwanza ilikuwa Paris mwaka 1954. Baadhi ya picha za Picasso zilikuja kwa maonyesho, binti wa Shchukin akaomba zizuiwe. Mahakama haikumkubalia, ila Wasovieti walizitoa picha haraka na maonyesho yakakatizwa. Mwaka 1993 binti mwingine alijaribu tena picha za Matisse zilipoletwa Paris, naye akashindwa. Baada ya hapo, mwaka 1994, Ufaransa ilipitisha sheria kwamba kazi za sanaa zilizoazimwa na dola ya kigeni kwa maonyesho haziwezi kukamatwa. Uingereza ilifanya vivyo hivyo, na iliharakisha utekelezaji wake mwishoni mwa 2007 kwa sababu Urusi ilitishia kutoleta picha London mwanzoni mwa 2008. *Ngoma* ilikuwa mojawapo. Sheria ikaanza, picha zikaja, zikarudi.

Upande wa Marekani, kitukuu wa Morozov alivutana na Yale kuhusu *Mkahawa wa Usiku* na Metropolitan kuhusu ile ya Cézanne. Mahakama zilimkatalia, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza ile ya Yale. Hoja iliyomwangusha ndiyo hiyohiyo inayoangusha kesi zote za namna hii: mahakama za nchi moja haziketi kuhukumu kitendo rasmi cha serikali nyingine, kilichofanywa ndani ya mipaka yake, dhidi ya mali ya raia wake yenyewe. Serikali ya Lenin iliwanyang'anya Warusi, Urusi, kwa amri iliyotangazwa. Amri hiyo unaweza kuiita dhuluma, nami naiita hivyo. Lakini jaji wa New York hana mamlaka ya kuitengua.

Basi kwa nini Bloch-Bauer walishinda? Tazama tofauti. Ferdinand Bloch-Bauer alikuwa mwenye viwanda vya sukari wa Vienna, Myahudi, aliyelazimika kukimbia mwaka 1938 Wanazi walipoingia. Unyang'anyi ule ulikuwa sehemu ya mateso ya watu kwa sababu ya asili yao, na baada ya vita mataifa yalikubaliana kwamba vitendo kama hivyo havipewi heshima ya vitendo halali vya dola. Austria yenyewe ilitunga sheria ya kurudisha mwaka 1998, mwaka uleule ambao nchi nyingi zilikubaliana mjini Washington kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi. Hata hivyo mrithi, Maria Altmann, alilazimika kupambana miaka mingi, akafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2004, ndipo wasuluhishi wa Austria wakaamua kwa upande wake Januari 2006. Picha tano zikarudi. Ile ya dhahabu ya Adele, mke wa Ferdinand, ilinunuliwa na Ronald Lauder kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 135, nayo iko New York kwa umma kuitazama.

Kuna jambo moja linalozifananisha kesi hizi, na ndilo nililotaka uukumbukie ule wosia. Adele Bloch-Bauer naye aliacha maandishi, mwaka 1923, akimwomba mumewe azitoe picha za Klimt kwa makumbusho ya taifa. Austria iliyashikilia maandishi hayo kwa miongo kadhaa: mbona mwenyewe alitaka ziwe zetu! Wasuluhishi waliona kwamba hilo lilikuwa ombi tu, na kwamba picha zilikuwa mali ya mume, ambaye alikuwa na kila sababu ya kubadili nia baada ya kufukuzwa kwake. Watetezi wa Urusi husema vivyo hivyo kuhusu Shchukin: si aliandika mwaka 1907 kwamba ziende kwa Moscow? Aliandika. Na kuna wanaosimulia kwamba hata Paris, alipochochewa kushtaki, hakutaka. Naamini kabisa kwamba alikusanya ili siku moja nchi yake izipate. Lakini aliyekusudia kutoa bado hajatoa. Kaka yake Pyotr alitoa: alikabidhi kwa mkono wake, akashukuriwa, jina lake likabaki mlangoni. Sergei alinyimwa hata hilo. Zawadi ilichukuliwa kabla hajaitoa, kisha jina la mtoaji likafutwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, si mahakama, warithi wanadai nini cha haki, nitasema: fidia haitakuja, na kuzirudisha picha zote kwa watu binafsi leo kungezitawanya katika minada kiasi cha kumaliza kazi ambayo Stalin aliianza. Sisemi hivyo kwa wepesi. Ni familia zilizoishia uhamishoni. Ila jina na ukweli wa jinsi picha zilivyochukuliwa ni haki ambayo makumbusho inaweza kuilipa bila kuhamisha msumari mmoja.

Na hilo limeanza. Hermitage imezihamishia picha hizo katika jengo la Makao Makuu ya Jeshi la zamani, ng'ambo ya uwanja wa Jumba la Majira ya Baridi, na vyumba hivyo vimeitwa kwa kumbukumbu ya Sergei Shchukin na ndugu wa Morozov. Mwaka 2013 Irina Antonova, aliyeongoza Pushkin tangu 1961, aliomba hadharani katika kipindi cha televisheni cha Rais Putin kwamba jumba lililofungwa 1948 lifufuliwe Moscow na picha ziunganishwe. Mikhail Piotrovsky, mkurugenzi wa Hermitage, alipinga vikali, na ombi likakataliwa. Kuna waliomwona Antonova kama mama mzee aliyetaka kupora jumba la wenzake. Mimi nilimwelewa. Alikuwa mmoja wa watu wa mwisho walio hai walioshuhudia mgawanyo ule kwa macho.

Picha hizo zimekaa pamoja tena mara chache tu, ugenini. Mwaka 2016 taasisi ya Louis Vuitton mjini Paris ilikusanya picha 130 za Shchukin, na zaidi ya watu milioni 1.2 walikwenda kuziona. Mjukuu wa Shchukin, ambaye kwa miaka mingi alikuwa upande wa pili wa mahakama, safari hiyo alishirikiana na waandaaji, na jina la babu yake lilikuwa mlangoni kwa herufi kubwa. *Ngoma* haikwenda. Mwaka 2021 ikafuata ya Morozov, karibu kazi 200. Ilikuwa bado imefunguliwa Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022. Picha zilirudishwa Urusi chini ya kinga ya sheria ile ya 1994, isipokuwa chache, mojawapo ikiwa picha ya Margarita Morozova iliyochorwa na Valentin Serov, mali ya makumbusho ya Dnipro, Ukraine, ambayo ilibaki Ufaransa kwa usalama wake.

Umeniuliza ziko wapi, basi nikutajie chache, ukizitafuta hata kwa picha za vitabuni ujue unatafuta wapi. Hermitage, St Petersburg: *Ngoma*, *Muziki*, *Chumba Chekundu*, na ule Cézanne wa buluu wa Morozov. Pushkin, Moscow: *Samaki wa Dhahabu* ya Matisse, *Msichana juu ya Mpira* ya Picasso ambayo Morozov aliinunua mwaka 1913 kutoka mkusanyo wa Gertrude Stein, *Mizabibu Myekundu* ya Van Gogh, na mkahawa wa Arles wa Gauguin. Yale, New Haven: mkahawa wa Arles wa Van Gogh.

Na ukibahatika siku moja kusimama mbele ya *Chumba Chekundu*, sogea karibu na ukingo wa turubai. Shchukin aliiagiza ikiwa ya buluu, kwa ajili ya chumba chake cha kulia. Matisse aliimaliza, kisha akaibadili yote kuwa nyekundu kabla haijasafirishwa, na Shchukin, aliyelipia buluu, akaipokea nyekundu. Pembeni, mahali ambapo wekundu haukufika, ile buluu ya kwanza bado inaonekana.